TUTUMIE MUDA NA NGUVU ZETU KATIKA KAZI ILIYO KUU



Msimu wa kahawa hauna subira. Katika vihamba vya Kilimanjaro buni nyingi huiva kati ya Julai na Desemba, nazo haziivi zote siku moja hata katika tawi moja. Mvunaji hulazimika kuurudia mti ule ule mara kadhaa, akichuma zilizo nyekundu na kuziacha za kijani. Buni zilizochumwa yapasa zimenywe siku ile ile. Zikilala ndani ya gunia hupata joto na kuanza kuchacha, na kasoro hiyo hudhihirika katika kikombe cha mwonjaji. Hakuna mashine iwezayo kuirudisha ladha iliyokwisha kupotea.

Tumeyataja haya, ambayo kila mkulima anayajua, ili tuulize: je, saa za mchana twazitumiaje katika miezi hiyo? Mara nyingi mwanachama huitwa mkutanoni saa tatu asubuhi, na shauri likaanza saa sita. Shambani hubaki mama peke yake, ambaye pia anangojewa na maji, kuni na jiko. Ifikapo jioni, buni huwa nyingi kuliko nguvu zilizobaki za kuzimenya. Huo si uvivu, bali ni nguvu zilizotawanywa. Wahenga walinena: mshika mbili, moja humponyoka.

Vyama navyo vina mtihani huo huo. KNCU ilipoanzishwa mwaka 1933, kazi yake kuu ilikuwa kukusanya na kuuza kahawa ya wanachama. Duka, lori au mashine ya kusaga vyaweza kuleta manufaa. Lakini kila shughuli mpya hudai muda wa kamati na wa katibu. Chama kinachoongeza shughuli bila kuongeza watendaji, kwa hakika kimeipunguzia muda ile ya kwanza. Matokeo yake ni mizani isiyokaguliwa, stakabadhi zenye makosa, na mkulima anayengoja malipo yake.

Kwa hiyo, yafaa kila chama cha msingi kizingatie mambo haya:

Kwanza, kabla ya msimu kuanza, kamati itaje kazi moja iliyo kuu na kumpa kila mtendaji sehemu yake.

Pili, mikutano isiyo ya lazima iahirishwe hadi mavuno yapungue. Ile ya lazima ifanyike jioni, na hoja zake zitangazwe mapema.

Tatu, majirani wapeane zamu ya mashine ya kumenyea, ili nyumba yenye watu wachache isilaze buni.

Nne, kila pendekezo jipya lijibu swali hili: ni kazi ipi itakayoachwa ili hii ifanyike?

Hatusemi kwamba ibada au misiba ipuuzwe. Kumzika jirani ni wajibu. Na kumsaidia mfiwa kumenya buni zake ni sehemu ya wajibu huo. Tunachokipinga ni siku kupotea pasipo mtu yeyote kuamua kwamba ipotee.

Fedha iliyotumika vibaya yaweza kutafutwa tena, lakini siku ya mavuno ikipita haikopeki popote. Kamati zote zinaombwa kuliweka jambo hili katika kikao cha mwisho kabla ya msimu, na kuwaeleza wanachama uamuzi uliofikiwa.