Malaria Ikipanda Kichwani: Umakini wa Mtoto Baada ya Kupona

Katika karne ya 19, msafara uliotoka Bagamoyo kwenda Tabora ulitembea zaidi ya kilomita 700. Mbele alitangulia kirangozi, ambaye bila ramani mkononi alikumbuka visima, vivuko na njia panda. Kumbukumbu ya namna hiyo hutegemea hipokampasi, sehemu ndogo iliyojikunja ndani ya ubongo, kulia na kushoto. Humo hujengwa picha ya mahali; humo pia hupitia masomo mapya kabla ya kukaa akilini. Mwaka 2000 watafiti wa London walibaini kuwa sehemu yake ya nyuma ni kubwa zaidi kwa madereva wa teksi waliohifadhi mitaa ya jiji hilo.

Hata hivyo, lisilozingatiwa halihifadhiki. Sehemu ya mbele ya ubongo ndiyo hupuuza kelele na kushikilia jambo moja, na kirangozi aliyepita njia panda huku mawazo yako mbali asingeitambua wakati wa kurudi.

Mkoa wa Tabora ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi nchini. Malaria inapopanda kichwani, chembe nyekundu za damu zenye vimelea hunata kwenye kuta za mishipa midogo ya ubongo. Damu hupita kwa shida, ubongo huweza kuvimba, sukari hushuka, degedege hufuata. Mtoto akizinduka, wazazi hushukuru na kurudi nyumbani, na ni haki yao. Lakini watoto wa miaka 5 hadi 12 waliofuatiliwa Kampala baada ya malaria ya ubongo walipopimwa miaka miwili baadaye, takriban mmoja kati ya wanne alikuwa na upungufu wa uwezo wa akili, hasa katika umakini.

Huyo ndiye mwanafunzi anayeitwa mvivu. Akitumwa chumvi dukani, hufika na kusahau alichotumwa. Fimbo haimsaidii. Si kila msahaulifu aliugua, bila shaka. Mhudumu wa afya aulize kama mtoto aliwahi kupoteza fahamu kwa malaria, aandike jibu kwenye daftari lake la kliniki, kisha apime masikio na macho, kwani asiyesikia vizuri hudhaniwa hajali. Mwalimu naye amketishe mbele na kumpa agizo moja baada ya jingine.

Mtoto mwenye homa akipata degedege, akishindwa kunyonya au akitapika kila kitu, apelekwe kituoni siku hiyo hiyo, hata usiku. Kituo kisichoweza kumtibu kimpe aliye chini ya miaka 6 atesuneti ya kuwekwa njia ya haja kubwa, na safari ya hospitali ianze mara moja.