DAWA IPI YA KUWEKEA MAHINDI?

Baadhi ya wanachama wametuuliza: mtu akishanunua magunia yake ya mahindi kwa fedha ya karafuu, atie dawa gani yasiliwe na wadudu? Wengi hushika ile iliyo rahisi dukani. Yafaa kwanza tutazame yaliyowapata wenzetu wa Tabora.

Asafiriye kwa gari la moshi kutoka Tabora kwenda Kigoma hupita Urambo, kisha Kaliua, kisha Usinge, nchi iliyopitwa na misafara ya zamani. Wakulima wa huko walizoea kuweka mahindi ghalani pamoja na magunzi yake, na adui yao alikuwa fukusi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 akazuka mdudu mgeni, urefu wake milimita 3 au 4, kichwa kimeinama chini ya kifua hata ukimtazama kwa juu hukioni. Mwaka 1981 wataalamu walimtambua. Asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati. Ameitwa dumuzi, lakini wakulima walimwita Scania, kama lile lori kubwa, na kwa hakika jina limemstahili. Hutoboa punje, gunzi, muhogo mkavu, hata mbao. Kuna maghala ambamo kwa miezi michache mahindi yalipungua theluthi moja ya uzito, na yaliyobaki yamejaa vumbi.

Hapo ndipo ilipojulikana tofauti ya dawa. Pirimifosi-methili huua fukusi vizuri sana, lakini kwa dumuzi nguvu yake ni ndogo. Permethrini ni kinyume chake: humuua dumuzi, na fukusi huweza kupona. Kwa kuwa wadudu hawa wawili hukaa gunia moja, zikachanganywa pamoja. Ndiyo Actellic Super ya unga, yenye 1.6% ya ile ya kwanza na 0.3% ya ile ya pili. Basi ukinunua, soma majina ya dawa yaliyoandikwa kwenye pakiti, usitazame picha ya hindi tu.

Na hata dawa njema haifai kitu ikinyunyizwa juu ya magunzi, maana dumuzi yumo ndani akila kwa raha. Wakulima wa Tabora walifundishwa kupukuchua kwanza. Anika mahindi yakauke sana, yapepete, yamwage juu ya turubai safi, kisha changanya unga wa dawa kwa koleo mpaka kila punje ipate. Kipimo ni kile cha kwenye pakiti. Kuzidisha ni kujilisha sumu.

DDT na lindane, walizotumia wazee, zimekatazwa katika kilimo kwa mapatano ya mataifa. Anayekuuzia unga usio na jina, mwachie mwenyewe. Dawa ya kupulizia mimea shambani haitiwi katika chakula kabisa, na hizi za mahindi zisikaribie karafuu zilizoanikwa wala magunia yake.