Goti Likipasuka Njiani Karatu

Lami inayopanda ukuta wa Bonde la Ufa kutoka Mto wa Mbu imeleta Karatu watalii wengi wa Ngorongoro, na bodaboda zimeongezeka pamoja nao. Dereva wa pikipiki akigongwa ubavuni, kishindo mara nyingi huishia gotini na kwenye muundi, mfupa usio na nyama ya kuukinga mbele.

Muundi ukivunjika katikati huunga hata vipande visipokutana barabara, mradi umenyooka na kutulia. Gotini sivyo. Kichwa cha muundi kimetandikwa gegedu laini. Sehemu yake ikididimia milimita chache, gegedu husagika kila hatua, na kijana huanza kuchechemea kama mzee. Kwa hiyo daktari wa mifupa hukiinua kipande kilichozama, hujaza mfupa kwenye pengo lililobaki chini yake, kisha hukifunga kwa bamba la chuma na skrubu. Pupa hapa ni hatari: ngozi iliyovimba ikipasuliwa mapema hukataa kufunga, na usaha hufika hadi kwenye chuma. Mara nyingi mguu hushikiliwa kwanza na vyuma vya nje, wiki moja au mbili, hadi uvimbe ushuke na ngozi ianze kukunjamana.

Kwa paja na muundi uliovunjika katikati, Tanzania imenufaika na kazi ya Lewis Zirkle, daktari Mmarekani aliyewahi kutibu majeruhi Vietnam na kuanzisha shirika la SIGN mwaka 1999. Msumari wake hupita ndani ya mfupa, na skrubu hulengwa kwa kifaa kinachofungwa nje, bila kuhitaji eksirei katikati ya upasuaji. Mkulima wa vitunguu wa Mang'ola, ambaye zamani angelala wiki nyingi mguu ukivutwa kwa uzito, anaweza kusimama kwa magongo baada ya siku chache. Kwangu huo ni ukombozi wa familia nzima.

Ila kutoka Endulen, ndani ya hifadhi ya Ngorongoro, gari hupanda kwanza ukingo wa kreta, zaidi ya mita 2,200, ndipo literemke Karatu. Na muda ni muhimu, kwa kuwa mshipa mkubwa wa damu hupita nyuma ya goti. Ukikatika, mguu una takriban saa 6 tu za kuokolewa.

Basi, msomaji, ukimkuta majeruhi, usimkande wala usilinyooshe goti kwa nguvu. Funika kidonda kwa kitambaa safi, funga banzi toka pajani hadi kifundoni, kisha gusa unyayo. Ukiwa wa baridi au hauna hisia, usimpitishe kwa mkandaji: mpeleke hospitali yenye daktari wa upasuaji saa hiyo hiyo.