Mkizuru makumbusho, msikipite chungu mkikimbilia bakuli la Kichina

HAKUNA muhula upitao bila mabasi ya shule kuteremka Pwani yakiwa yamejaa wanafunzi wanaokwenda kuzuru Fort Jesus, Mombasa, au magofu ya Gede yaliyo karibu na Watamu. Wakirudi nyumbani, wazazi huwauliza swali moja: "Mliona nini?"

Ni swali zuri, lakini lipo jingine lenye uzito zaidi. Baada ya kuviona vitu hivyo, watoto wetu wanawafikiriaje watu waliovitengeneza na kuvitumia?

Jumba la makumbusho si ghala la vitu vikuukuu tu. Kitu kilichotiwa ndani ya kabati la kioo na kumulikwa taa humwambia mtazamaji, hata kabla hajasoma maelezo, kwamba hicho ndicho cha maana. Kilichowekwa pembeni humwambia kwamba anaweza kukipita. Hivyo ndivyo mtoto anavyojifunza, pasipo kufundishwa na mtu, ni watu gani waliokuwa na ustaarabu na ni gani ambao hawakuwa nao.

Chukua Gede kwa mfano. Mji huo wa mawe ulistawi hasa katika karne ya 14 na ya 15. Una msikiti mkuu, jumba la mfalme, visima na makaburi, moja likiwa na tarehe ya mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399.

Mwanaakiolojia Mwingereza, James Kirkman, alipoanza kuufukua mnamo 1948, nyumba zilipewa majina ya vitu vilivyopatikana ndani yake. Ndiyo sababu kuna Nyumba ya Bakuli la Kaure, Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Taa ya Chuma na Nyumba ya Ushanga wa Venice.

Majina hayo si ya uongo. Vitu hivyo vilipatikana, navyo vyathibitisha kwamba wakazi wa Gede walifanya biashara na mataifa ya mbali. Lakini mwanafunzi anayezungushwa kutoka nyumba hadi nyumba huondoka kichwa kikiwa kimejaa China na Italia. Fundi aliyechonga mawe ya matumbawe na kuchoma chokaa ya kujengea hana nyumba yenye jina lake.

Wala hakuna nyumba iliyoitwa kwa jina la chungu, ilhali vigae vingi zaidi vinavyofukuliwa katika miji hii ya kale ni vya vyungu vilivyofinyangwa papa hapa Pwani.

Hata neno letu lenyewe, "ustaarabu", lina asili ya Kiarabu yenye maana ya kuwa kama Mwarabu. Si ajabu basi kwamba katika enzi ya ukoloni vitabu vingi vilieleza miji ya Waswahili kuwa kazi ya Waarabu na Waajemi waliohamia, wenyeji wakitazama tu.

Maoni hayo yaliyumba pale Mark Horton alipochimba Shanga, katika kisiwa cha Pate, miaka ya 1980. Chini ya msikiti wa mawe alikuta mabaki ya misikiti mingine ya awali iliyojengwa kwa miti na udongo, ya kwanza ikiwa ya karne ya 8. Mji huo haukuteremshwa kutoka merikebuni ukiwa tayari. Ulikua pale pale, hatua kwa hatua.

Hata hivyo, tusiruke kutoka kosa moja tukaangukia jingine. Mnamo Machi 2023, jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa DNA ya watu 80 wa kale, wengi wao wakiwa wa miji ya Pwani. Miongoni mwa viongozi wa kazi hiyo alikuwamo msomi wa Kenya, Chapurukha Kusimba.

Ilibainika kwamba wengi wao walikuwa na asili ya Kiafrika kwa zaidi ya nusu, hasa kupitia kwa akina mama, na asili ya Kiasia, hasa Uajemi, kupitia kwa akina baba. Uchanganyiko huo ulianza yapata mwaka 1000. Kumbe masimulizi ya wazee kuhusu Washirazi hayakuwa hadithi tupu.

Fort Jesus nayo ina fundisho kama hilo. Wareno walianza kuijenga 1593 kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati. Waomani waliitwaa 1698, na Waingereza wakaigeuza gereza kuanzia 1895 hadi 1958, kabla haijafunguliwa kuwa makumbusho 1960. Anayeondoka pale akijua habari za Wareno peke yao ameiona robo tu ya ngome.

Basi mzazi afanye nini? Kwanza, asiwaharakishe watoto. Afadhali vitu vitano vitazamwe vizuri kuliko mia moja kwa mbio.

Pili, awafundishe kuuliza mbele ya kila kabati: Nani alikitengeneza kitu hiki? Kilifikaje hapa? Nani alikitumia? Na ni nani aliyeandika maelezo haya, mwaka gani?

Swali hilo la mwisho ndilo linalosahaulika, ilhali maelezo nayo huzeeka. Mwanafunzi anayejua hivyo hatayameza bila kutafuna, iwe yuko Gede, Nairobi au London.

Tatu, kabla ya kutoka, mtafute chungu cha kupikia. Kitazameni ukingo wake na mistari aliyoichora mfinyanzi. Kisha mwulize mtoto anadhani kilipikiwa nini, na ni nani aliyekuwa akingojea chakula hicho. Akianza kujibu, amekwisha kuwaona watu na si vitu tu.