Leza ya Faiba na Picha Kwenye Metali: Yafahamike Haya Kabla Kikundi Hakijanunua Mashine

Na Mwandishi Wetu, Ngorongoro

Katika Kata ya Ololosokwan, wilayani Ngorongoro, jirani na Lango la Klein's la Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, mapambo ya shanga ya wanawake wa Kimaasai huning'inizwa vipande vidogo vya bati na alumini vinavyometa. Mashine ya leza ya faiba huweza kunakshi juu ya kipande kama hicho picha ya ng'ombe, jina la mnunuzi au alama ya kikundi kwa muda mfupi. Kwa vikundi vinavyouza mapambo kwa watalii, hiyo ni fursa. Lakini pia ni deni, endapo itanunuliwa mashine isiyofaa.

Kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290, kinazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mkopo huo hauna riba, ila unarejeshwa. Mashine ikishindwa kazi, marejesho hayasimami.

Kosa linaloweza kukigharimu kikundi ni kudhani kuwa leza zote ni sawa. Leza ya gesi ya kaboni dayoksaidi hutoa mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 10,600. Mbao, ngozi na karatasi huupokea mwanga huo vizuri, lakini metali tupu huurudisha kama kioo. Muuzaji akionesha kikombe cha chuma kilichochorwa kwa mashine hiyo, aulizwe kwanza kama kikombe kilikuwa na rangi, kwa kuwa huenda kilichoondolewa ni rangi tu. Leza ya faiba hutoa mwanga wa takribani nanomita 1,064, unaozalishwa ndani ya uzi wa kioo uliochanganywa na madini ya itabiamu, na metali huufyonza kwa urahisi zaidi.

Mwanga huo huongozwa na vioo viwili vidogo vinavyogeuka kwa kasi kubwa, kisha lenzi huukusanya katika nukta ndogo kuliko unene wa unywele. Picha hugawanywa na kompyuta kuwa nukta nyingi: panapotakiwa giza nukta husongamana, panapotakiwa mwanga huachana. Hapa ndipo ustadi wa fundi hupimwa, kwani kila metali ina tabia yake. Chuma cha pua kikipashwa joto polepole hupata utando mweusi bila kuchimbika. Alumini iliyotiwa rangi kiwandani huwa nyeupe pale inapoguswa, hivyo picha sharti igeuzwe kwanza, weusi uwe weupe. Asiyejua hilo atatoa sura ya mtu inayofanana na negativu ya filamu ya zamani. Shaba nyekundu ni ngumu zaidi, kwa sababu hurudisha sehemu kubwa ya mwanga. Ni busara kila kazi ianzie kwenye kipande chakavu.

Kuhusu usalama, mwanga wa leza hii hauonekani kwa macho. Jicho halitapepesa kujikinga, na mmweko mmoja uliorudishwa na metali unaweza kuharibu uwezo wa kuona moja kwa moja. Miwani ya jua haisaidii. Inatakiwa miwani iliyoandikwa kuwa inakinga nanomita 1,064. Moshi wa metali nao uvutwe nje kwa feni maalumu. Karakana inapaswa kusajiliwa na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA).

Si kila picha inaruhusiwa kuchongwa na kuuzwa. Matumizi ya Nembo ya Taifa yanasimamiwa na Sheria ya Nembo za Taifa, Sura ya 10. Michoro ya wasanii inalindwa na sheria ya hakimiliki inayosimamiwa na COSOTA. Vilevile, sura ya mzee au mama wa kijijini anayetambulika ni taarifa binafsi chini ya sheria ya mwaka 2022, hivyo aombwe ridhaa yake kabla sura hiyo haijawa bidhaa.

Vikundi vinavyohitaji ushauri vianzie kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Kwa masuala ya kiufundi, ofisi ya SIDO na taasisi ya TEMDO zipo jijini Arusha. Ni vyema wawakilishi waende na vipande vya metali wanayoitumia wenyewe, ili mashine ijaribiwe juu ya vipande hivyo kabla ya malipo.