UWEKAJI WA CHIPU KATIKA UBAO WA MAJARIBIO

Watumishi na wananchi, hususan vijana wanaojifunza ufundi wa redio na taa za betri, wanakumbushwa kuwa chipu yaweza kuharibika mikononi mwa fundi kabla haijafanya kazi hata mara moja. Kwa fundi wa Kigoma au Ujiji hasara hiyo ni kubwa. Kipuri kikiagizwa Dar es Salaam, husafiri kwa reli zaidi ya kilomita 1,200. Na mvuvi wa dagaa huvua kwa taa katika usiku wa giza. Mbalamwezi ikitoka kabla taa yake haijatengenezwa, riziki ya mwezi huo imempita.

Kwa hiyo, kabla ya kulehemu, saketi hujaribiwa kwenye ubao wenye vitundu. Utaratibu wake ni huu:

1. Betri itolewe kwanza. Fundi aguse chuma kilichoungana na ardhi, hasa wakati wa kiangazi, ili umeme tuli wa mwilini usiiunguze chipu.

2. Miguu ya chipu mpya huwa imetanuka kidogo. Ilazwe ubavu juu ya meza na kusukumwa taratibu hadi safu zake mbili ziwe sambamba.

3. Chipu ikae juu ya mfereji wa katikati ya ubao, safu moja ya miguu kila upande. Vitundu vitano vya kila mstari vimeunganishwa chini kwa chuma, na mfereji ndio unaotenga pande mbili. Ikiwekwa upande mmoja, miguu inayokabiliana itagusana.

4. Pengo dogo la chipu likielekea juu, mguu wa 1 ni wa juu kushoto. Huhesabiwa kushuka kushoto, kisha kupanda kulia. Chipu ya LM393, ifaayo kupima betri iliyopungua, hupokea hasi mguu wa 4 na chanya mguu wa 8. Ikigeuzwa, hasi na chanya hubadilishana, nayo huweza kuungua.

5. Ishindiliwe kwa usawa, baada ya kuhakikisha kila mguu umeelekea kitundu chake. Wakati wa kuitoa, bisibisi bapa ipitishwe chini yake, ncha hii iinuliwe kidogo, kisha ile. Isivutwe kwa vidole, kwani ncha moja huchomoka ghafla na miguu ya nyingine hupinda. Mguu uliopinda hunyooshwa kwa uangalifu; ukipindwa mara kwa mara hukatika.

Wahusika wote wanaombwa kuyazingatia maelezo haya.