Tangazo ambalo simu ya Mama haikuweza kulisoma

Wiki hii sitaandika juu ya masomo ya watoto kama kawaida yangu. Nitaandika juu ya kosa nililofanya mimi mwenyewe, na yale niliyojifunza kutokana nalo. Ninafanya hivyo kwa sababu siku hizi wengi wetu, ao watoto wetu, wanatengeneza kurasa za intaneti kwa ajili ya shirika, shule, kanisa ao biashara ndogo, na kosa hilo linarudiwa kila siku.

Mwaka uliopita shirika letu liliniomba nitengeneze ukurasa wetu. Diplome yangu ni ya ualimu. Mambo ya kompyuta nilijifunza kidogo kidogo, jioni, wakati umeme upo. Ilipofika siku za kuandikisha majina ya mikopo ya AVEC yetu, niliandika tangazo kwenye karatasi kwa maandishi mazuri, tukapiga muhuri, nikalipiga picha na kuiweka kwenye ukurasa. Wote walinisifu.

Lakini katika AVEC yetu kuna mama mmoja asiyeona, anayeuza maharagi hapa Kadutu. Ana simu ya Android ambayo mtoto wake alimwashia sauti: akipitisha kidole juu ya kioo, simu inamsomea yaliyoandikwa. Siku ile alifungua ukurasa wetu. Simu ikamsomea jina la shirika, ikasema “picha”, kisha ikanyamaza. Alijaribu mara tatu, ikasema “picha” tu. Majirani hawakumwambia kitu, kila mmoja akifikiri ameshajua. Alipofika mkutanoni, liste ilikuwa imefungwa tangu siku mbili. Sheria ya AVEC ni ya wote, haikuwezekana kumfungulia yeye peke yake. Na mjukuu wake alikuwa na minervali ya kulipa. Mama akakopa kwa mtu wa sokoni, na kwa dola 100 alizopewa akarudisha 130.

Hakunigombeza. Aliniambia tu: “Mwalimu, binti yangu, kama mngeandika, simu ingenisomea. Lakini mlinitumia picha.”

Maneno hayo hayakuniacha nilale. Nilianza kutafuta namna ukurasa unavyopaswa kutengenezwa ili kila mtu aweze kuutumia. Haya ndiyo niliyoyapata.

Mwili na kikwembe

Ukurasa wa intaneti unatengenezwa kwa lugha mbili. Ya kwanza inaitwa HTML. Hiyo ndiyo mwili wenyewe: inaiambia simu ao kompyuta kwamba haya maneno ni kichwa cha habari, haya ni fungu, hii ni orodha, hii ni picha. Lugha ya pili ni CSS. Hiyo ni kikwembe: inaeleza rangi, ukubwa wa herufi, nafasi na mpangilio. Mama akibadilisha kikwembe anabaki kuwa yule yule. Ukurasa nao unapaswa kubaki na maana yake yote hata tukiuvua CSS.

Hapo ndipo wanaoanza, nami nikiwa mmoja wao, wanapokosea. Nilikuwa ninachukua fungu la kawaida, ninaongeza herufi, ninaweka rangi, na kwa macho linaonekana kuwa kichwa cha habari. Lakini ukiuvalisha mti kikwembe, hautakuwa mama. Simu inayosoma kwa sauti haiangalii ukubwa wa herufi. Inaangalia alama ya HTML. Kama alama inasema ni fungu, italisoma kama fungu.

Vichwa vya habari ni kama fishi ya somo

Walimu wenzangu mtaelewa upesi. Katika fishi ya matayarisho tunaandika kichwa cha somo, kisha sehemu kubwa, kisha sehemu ndogo. HTML ina mpango huo huo: alama h1 ni kichwa kikuu cha ukurasa, h2 ni sehemu kubwa, h3 ni sehemu ndogo iliyo ndani yake, mpaka h6. Kichwa kinaandikwa hivi:

<h2>Mikopo ya AVEC: siku ya mwisho ya kuandikisha</h2>

Faida yake ni hii: mtu asiyeona anaweza kuiagiza simu iruke kutoka kichwa kimoja mpaka kingine, jinsi sisi tunavyotupa macho juu ya ukurasa wa gazeti. Bila vichwa vya kweli, analazimika kusikiliza yote tangu mwanzo. Musiruke hatua, kutoka h1 mpaka h4, eti kwa sababu h4 ina herufi ndogo zinazowapendeza. Ukubwa wa herufi ni kazi ya CSS.

Pia kuna alama za sehemu za ukurasa: header kwa sehemu ya juu, nav kwa orodha ya kurasa, main kwa habari yenyewe, footer kwa sehemu ya chini. Zinamsaidia msomaji kufika moja kwa moja kwenye habari.

Picha iseme, na maandishi yawe maandishi

Kila picha inapaswa kupewa maneno ya kuieleza. Yanaandikwa katika sehemu inayoitwa alt, kwa mfano:

<img src="mkutano.jpg" alt="Akina mama wameketi chini ya mwembe wakihesabu akiba">

Simu itasoma maneno yale. Intaneti ikiwa dhaifu na picha ikakataa kufunguka, hata anayeona atasoma maneno yale mahali pa picha. Kama picha ni pambo tu, tunaandika alt yenye nafasi tupu, alt="", ili simu iipite bila kumchosha msikilizaji. Alt isipokuwepo kabisa, simu nyingine zinaanza kusoma jina la faili, herufi na tarakimu zisizo na maana.

Lakini tangazo lisiwe picha. Tangazo liandikwe. Hii inasaidia hata mifuko yetu: picha yangu ilikuwa na mega 3, na maneno yale yale yakiandikwa kwa HTML hayafiki sehemu moja ya mia ya uzito huo. Mama mwenye mega chache anafungua ukurasa wa maandishi bila shida. Picha inamalizia mega zake.

Chaki na ubao

Darasani hatuandiki kwa chaki ya bluu kwenye ubao mweusi, kwa sababu watoto wa nyuma hawataona. Kwenye ukurasa ni vile vile. Kanuni za kimataifa zinapima tofauti ya mwanga kati ya herufi na mahali zilipoandikwa. Nyeusi juu ya nyeupe ni 21 kwa 1, na hakuna tofauti kubwa kuliko hiyo. Kwa maandishi ya kawaida, tofauti isishuke chini ya 4.5 kwa 1. Kwa herufi kubwa, isishuke chini ya 3 kwa 1. Kijivu chenye namba #767676 juu ya nyeupe kinapita kwa shida; #999999 hakifiki hata 3. Mimi niliandika majina ya kamati kwa njano juu ya nyeupe, rangi za shirika letu. Ile haikufika hata 2.

Tena, rangi isiwe peke yake katika kutoa habari. Tulikuwa na liste ambamo waliolipa waliandikwa kwa kijani na wasiolipa kwa nyekundu. Kuna watu, hasa wanaume, ambao macho yao hayatofautishi rangi hizo mbili, na simu inayosoma haisemi rangi. Sasa tunaandika neno: “amelipa”, “bado”.

Fikirieni pia mama zetu wenye umri, ambao macho yamechoka. Wanahitaji kuongeza herufi. Kanuni inadai maandishi yaweze kukuzwa mpaka mara mbili, yaani asilimia 200, bila kitu kupotea ao kufunikana. Kwa hiyo katika CSS tunaandika ukubwa kwa kipimo kinachofuata chaguo la msomaji, kama rem, wala hatufungi ruhusa ya kukuza kwa vidole.

Viungo, fomu na lugha

Msomaji asiyeona anaweza kuomba orodha ya viungo vyote vya ukurasa. Kwetu alisikia: “Bonyeza hapa. Bonyeza hapa. Bonyeza hapa.” Atajuaje kipi ni kipi? Kiungo kiseme kinapokwenda: “Soma sheria za AVEC”, “Ona tarehe za chanjo”.

Kila mahali pa kujaza katika fomu pawe na jina lake, kwa alama ya label iliyofungwa na mahali pale. Kuandika neno “jina” pembeni, bila kulifunga, hakutoshi. Mtu anaona kuwa yako pamoja, lakini simu haijui.

Na mwanzoni kabisa mwa ukurasa tuandike lugha yake: lang="sw" kwa Kiswahili, "fr" kwa Kifaransa. Ukiandika "fr" juu ya maneno ya Kiswahili, sauti ya Kifaransa itayasoma kwa matamshi ambayo hata mwenye lugha hatambui. Kama ndani ya ukurasa kuna fungu la Kifaransa, fungu lile lipewe alama yake. Simu yenyewe nayo iwe imewekewa sauti ya Kiswahili.

Kanuni hizi zimetoka wapi?

Si mawazo yangu. Mwingereza Tim Berners-Lee alianzisha wavuti mwaka 1989, akifanya kazi CERN, karibu na Geneva, Uswisi. Mwaka 1994 alianzisha shirika linaloitwa W3C, ambalo linaweka kanuni za wavuti ili ukurasa mmoja ufunguke sawasawa katika vyombo vyote. Mwaka 1997 W3C ilianza kazi maalumu kwa ajili ya watu wenye ulemavu, na mwaka 1999 ikatoa kanuni za kwanza zinazoitwa WCAG. Zile za 2.0 zilitoka 2008, 2.1 mwaka 2018, na 2.2 mwaka 2023. Zinasimama juu ya mambo manne: habari iweze kutambulika, ukurasa uweze kutumika, uweze kueleweka, na uwe imara katika vyombo mbalimbali. Zina ngazi tatu, A, AA na AAA. AA ndiyo inayoombwa mahali pengi, na kipimo cha 4.5 kinatoka humo.

Hii ni haki pia. Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu, wa mwaka 2006, unataja intaneti katika kifungu cha 9. Nchi yetu iliuridhia mwaka 2015, na tarehe 3 Mei 2022 ikatunga sheria ya kulinda haki za watu wenye ulemavu. Basi tukimwandikia Mama vizuri, hatumpi msaada wa huruma.

Namna ya kujaribu

Kwanza, W3C ina chombo cha bure kwenye intaneti, kinaitwa validator: unakipa ukurasa wako, kinakuonyesha makosa ya HTML mstari kwa mstari, kama mwalimu anayesahihisha daftari. Hakioni yote. Alt yenye maneno ya uongo kitaipitisha.

Pili, washa sauti ya simu yako. Kwa Android inaitwa TalkBack, na inapatikana kwenye mipangilio, sehemu ya ufikivu. Ikiwashwa, kugusa mara moja ni kuchagua, kugusa mara mbili ni kufungua. Kwenye kompyuta kuna programu ya bure iitwayo NVDA, iliyoanzishwa na Michael Curran wa Australia, ambaye mwenyewe haoni. Kisha funga macho, na ujaribu kutafuta tarehe ya mkutano katika ukurasa wako.

Tatu, na hii ndiyo kubwa zaidi, muulize mwenye kuhusika.

Nilipomaliza kutengeneza upya, nilimpelekea Mama sokoni. Alisikiliza vichwa, akapata tangazo upesi, akacheka. Kisha akafika kwenye fomu ya kuandikisha jina, akanyamaza. “Mwalimu, simu inasema ni mahali pa kuandika, lakini haisemi niandike nini.” Nilikuwa nimesahau label. Validator haikuniambia, Mama aliniambia.

Zile dola 30 hazikurudi, na ninazikumbuka kila ninapoandika tangazo. Lakini duru iliyofuata, jina la Mama lilikuwa la tatu kwenye liste, na alilijaza yeye mwenyewe kwa simu yake. Siku hizi tangazo lolote la shirika halitoki kabla hatujamtumia yeye kwanza. Akisema “imesoma”, ndipo tunalitoa kwa wote.

Dada zangu mnaotengeneza kurasa, anzeni na jambo moja tu wiki hii: chukueni tangazo mlilolitoa kwa picha, mliandike kwa maneno. Anayetaka tujaribu pamoja aje Jumamosi baada ya mkutano, na simu yake mkononi.